Pete Niliyoifuta

Mimi hasira zangu ziko karibu. Nasema mapema ili mtu asije akashangaa mbele ya safari. Studio yangu iko mtaa wa nyuma ya soko, katikati ya duka la vyombo na kinyozi, na kwa miaka ishirini na miwili nimepiga picha za pasipoti, za harusi, za mahafali na za watoto wanaolia. Nimewafokea maharusi. Nimemfokea hakimu mzima aliyekuwa akipepesa macho. Nikamwambia, mheshimiwa, hapa tunapiga picha, hatusomi hukumu, hebu fungua macho. Akafungua.

Mwaka juzi daktari alinipima presha, akaitazama mashine, akanitazama mimi, akapima tena. "Mama," akasema, "tafuta kitu cha kufanya asubuhi, mahali pasipo na watu." Nilipomweleza mume wangu, ambaye ni fundi cherehani na mpole mpaka anaudhi, akasema bila kuinua kichwa kwamba kule kwenye matope, nyuma ya maghala ya zamani, huwa hakuna mtu.

"Unanifukuza?"

"Nakutakia umri mrefu," akasema, akaendelea kukanyaga cherehani.

Basi nikaenda, kamera ya harusi shingoni. Maji yakipwa kule linabaki tope la kijivu linalokwenda mbali kabisa, na juu ya tope ndege, wengi ajabu. Kulikuwa na sululu wenye midomo mirefu iliyopinda. Kulikuwa na yangeyange weupe wanaotembea kwa madaha. Na vitwitwi, wadogo wadogo, wa rangi ya mchanga, wanakimbia mbio, wanasimama ghafla kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka, wanadonoa, wanakimbia tena. Nikasimama ukingoni, nikainua kamera, nikawaambia kwa mazoea, "Haya, tulieni hapo hapo, msipepese!"

Wakaruka wote. Hata mmoja hakubaki. Nilicheka peke yangu mpaka mbavu zikaniuma, maana tangu nifungue studio hakuna mteja aliyenijibu hivyo.

Polepole nikajifunza. Mtu akisimama wima ndege anaona hatari. Akilala kifudifudi na kunyamaza, baada ya nusu saa anakuwa gogo tu, na gogo halimsumbui mtu. Mume wangu akachukua pazia la studio lililochakaa, lile lenye mawingu, akanishonea shuka la kujifunika lenye tundu la kupitishia lenzi. Lenzi yenyewe ndefu niliinunua kwa mwandishi wa habari aliyestaafu. Nikawa nalala pale kwenye tope, mawingu mgongoni, nimenyamaza kama maji ya mtungini, nikiwatazama vitwitwi wakivuta minyoo kutoka ardhini. Nilikuwa na raha, sioni haya kusema. Presha ikashuka. Daktari akafurahi, mume wangu akafurahi zaidi.

Sasa huyo mume wangu ana dada yake. Yeye ni wifi yangu na shoga yangu, na ndiye mtu pekee mjini anayenijibu nikimfokea. Anafanya kazi kwenye ofisi ya wanyamapori, kitengo cha ndege, na mtaani wanamwita Mama Ndege ingawa hana mume wala mtoto wala hamu ya kuulizwa. Mimi ndiye ninayemuuliza. "Wifi, utaolewa lini?" Naye hujibu, "Siku utakayojifunza kuongea polepole." Hivyo ndivyo tulivyoishi, miaka yote. Alijua napiga picha za ndege, na mimi nilijua anawahesabu, lakini undani wa kazi yake sikuwahi kuuliza, kwa sababu nikikaa na mtu mimi ndiye ninayeongea.

Mwezi wa mwisho kabla ya ndege kuondoka, nilimpata kitwitwi mmoja safi kabisa. Amesimama mguu mbele mguu nyuma, maji yameng'aa chini yake, jua la asubuhi limempiga kifuani. Nilirudi studio nikiwa na haraka ya kuiona kwenye kompyuta. Picha ilikuwa nzuri mpaka nikajipongeza kwa sauti. Ila mguuni, juu ya goti, alikuwa na kipande cha plastiki cha kijani. Lile tope linapokea mifuko na vizibo vya chupa vya mji mzima, kwa hiyo sikushangaa. Nikafanya ninavyofanya kila siku. Kwangu mteja hatoki na chunusi, hatoki na uzi kwenye koti, hatoki na doa la chai kwenye kola. Nikamsafisha kitwitwi mguu wake, taratibu, mpaka ukawa kama wa siku aliyoanguliwa. Nikahifadhi picha juu ya ile ya mwanzo, maana kompyuta yangu imejaa na sipendi nakala mbili mbili. Jioni nikafuta kadi ya kamera, kama ninavyoifuta kila jioni tangu siku ile picha za mteja mmoja zilipoonekana na mteja mwingine ikawa balaa. Kesho yake kadi hiyo hiyo ikajazwa picha za mahafali. Kitwitwi nikamchapisha mkubwa, nikamweka dirishani pa studio.

Wifi alipita siku ya tatu, wakati wa mapumziko ya mchana. Nilimwona kupitia kioo, amesimama barabarani na mkoba wake begani, anatabasamu. Akaingia.

"Wifi, leo umenikomesha. Picha gani hii? Mpaka manyoya ya kope yanaonekana!"

"Si unaona sasa? Na bado mnaniita mpiga pasipoti."

"Na alivyo msafi!"

"Usafi huo ni kazi ya mikono yangu," nikasema, najitapa na kalamu sikioni. "Alikuwa na takataka mguuni, kipande cha plastiki cha kijani, nikamwondolea. Angekuwa bibi harusi angenipa zawadi."

Tabasamu lake likaisha papo hapo.

"Kijani?"

"Kijani."

"Mguu gani?"

"Wa kulia. Juu ya goti."

"Kilikuwa na herufi?"

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka. "Takataka gani yenye herufi, wifi?"

Akakaa kwenye kigoda cha wateja, kile cha kupigia pasipoti, mbele ya pazia jeupe. Akaniuliza picha ya mwanzo iko wapi. Nikamwambia. Akaniuliza kadi. Nikamwambia. Aliuliza kwa upole, swali moja baada ya jingine, nami nikajibu, bado sijaelewa nimefanya nini.

Ndipo akaniambia. Miaka minne nyuma, kabla mimi sijaanza kwenda matopeni, aliwanasa kwa nyavu vitwitwi arobaini, akawavisha kila mmoja pete ya plastiki ya kijani yenye herufi mbili, akawaachia. Kusudi ni kwamba yeyote atakayewaona popote aziandike herufi, ijulikane wanakwenda wapi na kama wanarudi. Mwaka wa kwanza hakuonekana hata mmoja. Wa pili hivyo hivyo, na mpaka leo. Amewatafuta kwa darubini mpaka macho yamemuuma. Kazini wakaanza kunong'ona kwamba pete zile zilikuwa nzito, kwamba zinakwangua mguu, ndege anachechemea, hali chakula, anakufa. Na sasa mkuu mpya wa ofisi amesema mwisho wa mwezi faili linafungwa, na kwenye faili itaandikwa kwamba huenda pete ndizo zilizowaua.

"Faili lifungwe tu," wifi akasema. "Mimi wala sililii faili. Mimi naogopa ni kweli. Niliwashika mmoja mmoja, wifi, mioyo yao inadunda mkononi mwangu. Nalala nawaona. Arobaini."

"Lakini huyu yuko hai! Nimemwona kwa macho yangu! Nitawaambia mimi mwenyewe, nitakwenda hapo ofisini kwenu..."

"Utawaambia umeona kijani. Na nchi nyingine wanavisha kijani vile vile. Herufi ndizo zinazosema ni wa nani." Akanyanyuka, akauweka mkoba begani. "Huenda hata si wangu."

Akatoka. Hakunifokea, na hilo ndilo lililonimaliza. Angenitukana, angenirushia kigoda, ningejua pa kushika. Nilibaki nimesimama katikati ya studio, nikamfukuza mteja aliyetaka picha nne za haraka.

Jioni nilimweleza mume wangu. Akakata uzi kwa meno, akasema, "Hukujua."

"Kutojua kwangu kunamsaidia nini dada yako?"

"Hakumsaidii. Ndege yule bado yuko?"

"Nitajuaje mimi?"

"Si uende ukaangalie," akasema, kana kwamba ameniambia niende dukani nikachukue sabuni.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja za mwezi. Nikabandika karatasi mlangoni kwamba studio inafunguliwa saa nne, na kila alfajiri nikawa tayari kifudifudi juu ya tope. Wifi hakuja. Nilimpigia simu, akawa anajibu kwa adabu, naam nyingi na ahsante nyingi, mpaka nikatamani kutafuna simu. Na huku ndege wanaondoka. Kila mwaka wakati huo wanashindilia chakula, halafu wanapaa kwa makundi kwenda kaskazini kutaga, na hawaagi mtu. Siku ya kwanza nilihesabu vitwitwi mia tatu na ushee. Siku ya nne mia mbili. Siku ya saba hawakufika mia. Nilitazama miguu, miguu tu. Nimepiga picha nyingi maishani lakini sijawahi kutazama miguu kiasi kile. Usiku nikifumba macho naona vijiti vinatembea.

Siku ya nane nilikiona kijani. Mbali, kwenye ukingo wa maji, mguu wa kulia, nukta tu. Nilianza kusogea kwa viwiko, taratibu, na nilikuwa nimekaribia kabisa pale alipotokea bwana mmoja amevaa viatu vya mpira, anatembea katikati ya tope huku anajipiga picha na simu, amechongoa midomo. Wote wakaruka. Nilisimama na shuka langu la mawingu, nikafungua mdomo, na yale niliyotaka kumwambia yule bwana yangetosha kumpeleka hospitali. Kisha nikaona wachache wametua tena, mbali kidogo, na yule wa kijani huenda yumo. Nikafunga mdomo. Nikalala tena. Daktari angeniona siku hiyo angenivisha taji. Lakini kijani sikukiona tena, na maji yakajaa.

Nilipofika nyumbani nililia, na sikujificha. Mume wangu akaacha kazi, akavaa shati lake la kutokea, akaondoka bila kusema anakwenda wapi. Kumbe alikwenda kwa dada yake. Alimwambia nini mpaka leo sijui, na yeye si mtu wa kueleza, lakini siku ya mwisho ya mwezi, nafika ukingoni kabla jua halijachomoza vizuri, namkuta wifi amekaa kwenye jiwe na darubini kifuani.

"Nilidhani hutaki kuniona," nikasema.

"Sitaki. Lala chini, wanakuja."

Tukalala wawili chini ya shuka la mtu mmoja. Yeye ni mrefu, miguu yake ikabaki nje. Nikataka kumtania kidogo nikaona si wakati wake. Maji yalikuwa yanarudi nyuma, na vitwitwi wakaanza kutua, mmoja, watatu, sita. Nilihesabu ishirini na wawili. Hao ndio waliobaki, wote. Wifi akaweka darubini machoni, akaanza kuwapita mmoja mmoja, midomo yake inahesabu bila sauti.

Alipofika katikati ya kundi akanikamata mkono, akauminya.

Na mimi nilikuwa nimeshamwona. Kijani. Alikuwa ametupa mgongo, amesimama nyuma ya kichuguu cha tope kilichochimbuliwa na kaa, na pete nusu imejificha. Nikaweka jicho kwenye kamera. Nilihitaji apige hatua mbili tu kuja kulia. Binadamu ningemwambia. Huyu nilimngoja, na yeye akatulia hapo hapo, safari hii bila kuambiwa, akidonoa mahali pamoja kama aliyekuta hazina.

Ndipo kitu kikanishika kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, ule ulioshika lenzi. Kaa. Alikuwa ametoka kwenye shimo lake, akakuta mkono wangu umekaa mlangoni pake, akabana kwa nguvu zake zote. Jamani, kaa anauma! Machozi yalinitoka. Mimi, mwanamke ninayepiga kelele mlango ukinibana pindo la gauni, nikauma meno, nikavuta pumzi kwa pua, na sikutikisika. Niliona kwa pembe ya jicho wifi amegeuza kichwa, amemwona kaa, ameniona uso. Akataka kunyoosha mkono amtoe. Nikamkazia macho: thubutu!

Kitwitwi akapiga hatua moja. Akasimama. Akajikuna. Kaa akaongeza nguvu.

Akapiga hatua ya pili.

Nilibonyeza, na kamera ikapiga mfululizo, kumi, kumi na tano, ishirini. Ndipo nilipomng'oa yule kaa, nikamrusha nyuma, nikasema neno ambalo siwezi kuliandika hapa. Kundi lote likaruka, likazunguka juu ya maji na kuelekea upande wa kaskazini. Sikujali. Nilikaa kwenye tope, damu inanichirizika, nikampa wifi kamera.

"Angalia wewe. Mimi naogopa."

Picha zilikuwa mbaya. Nasema kama fundi: mbaya. Ndege amekaa upande, mkia umepanda, mdomoni anachuruzika tope, kichwa kina ukungu. Kwenye harusi ningerudisha hela za watu. Lakini mguu wa kulia ulikuwa mkali kama sindano, na kwenye pete, iliyopauka kwa jua na chumvi, herufi mbili zilisomeka bila shida yoyote.

"C," wifi akasoma. "T."

Hakutoa daftari. Wote arobaini aliwajua kichwani.

"Wa kumi na tisa. Huyu nilisita kumvisha. Tulipompima alikuwa mwepesi, mifupa mitupu, na mwenzangu akasema tumwache, na mimi nikamvisha. Ni yeye niliyekuwa namwota zaidi ya wote." Alivuta picha kuikuza, akautazama mguu kwa muda mrefu, juu ya pete na chini ya pete. "Hakuna kidonda. Ngozi safi. Miaka minne, wifi, amekwenda na kurudi miaka minne."

Kisha akaipunguza picha kidogo ili ndege aonekane mzima, na nikamwona uso unabadilika. Kifua cha yule kitwitwi kilikuwa kimetuna, tumbo limening'inia, manyoya ya ubavuni yameachana kwa jinsi mafuta yalivyojaa chini yake. Ameshiba safari nzima ya kwenda kaskazini.

"Mnene!" wifi akasema. "Mungu wangu, wifi, mtazame, mnene huyu! Mnene mpaka basi!"

Miaka ishirini na miwili watu wanainama juu ya kaunta yangu na kuninong'oneza, fundi, nipunguze hapa kiunoni, nitoe kidevu hiki cha pili. Na sasa mwanamke mtu mzima amekaa chini kwenye tope, ameikumbatia kamera yangu kifuani, analia kwa furaha na kurudia neno hilo hilo moja, mnene, mnene, kama amepewa jina la mtoto. Nikamwekea mkono begani, ule usiotoka damu, nikalia naye.

"Unakwenda saa ngapi ofisini?"

"Sasa hivi," akasema, akijifuta machozi kwa mkono wenye tope. "Hivi hivi nilivyo."